Kabla Mkia Haujakomaa

Kwenye kilio cha Papa Kasongo walinipa kiti cha plastiki karibu na wazee wa reli, nadhani kwa sababu hakuna aliyejua aniweke wapi. Sikuwa wa ukoo, sikuwa wa kwaya, wala sikuwa jirani. Wazee walikuwa wakizungumzia kazi yake ya zamani, alipokuwa mgeuza njia za treni pale makutano, kabla goti halijaharibika na kanisa halijampa kazi ya kulinda mabwawa ya samaki ya shule. Mmoja alisema Kasongo alikuwa anasikia treni kabla reli haijatetemeka. Mwingine akampinga: "Acha uongo. Alikuwa anasikia harufu ya samaki ya tomson mu wagon." Wakacheka kwa sauti ile ya chini inayoruhusiwa kilioni. Kisha yule wa kwanza akanigeukia. "Na weye, mama, ulimujuaka wapi?" Nilifikiria majibu kadhaa, nikapima ubaya wa kila moja, na mwishowe nikasema, "Kwa samaki." Akaitikia kwa kichwa kana kwamba limetosha. Mimi halikunitosha. Tangu siku ile nimekuwa nikimjibu upya kichwani, na kurasa hizi ndizo jibu refu zaidi nililolipata.

Mwaka ninaouzungumzia ulianza niliporudi Kamina kutoka Lubumbashi na shahada ya biolojia, na kazi ya mwisho ya masomo iliyohusu vichanga vya samaki wa miamba ya matumbawe. Habari za nyumbani kwetu naziacha, hazina uzito hapa. Bahari sijaiona hadi leo. Nilisoma makala za watu walioiona, kwenye kompyuta ya maktaba iliyozimika kila umeme ulipokatika, na kutokana na makala hizo nikaandika jinsi samaki anavyopata uwezo wa kuogelea. Watu wengi hudhani anazaliwa nao. Sivyo. Kichanga kinachotoka kwenye yai hakina mapezi, kina utando mwembamba tu unaouzunguka mwili, na tumboni kina mfuko wa kiini cha yai unaokilaza upande. Kwa udogo wake, maji kwake ni mazito kama uji: kikiacha kupiga mkia, kinasimama palepale. Mkondo ukija, kinakwenda nao. Halafu mifupa ya mkia inaanza kuota, ncha ya uti wa mgongo inapinda kwenda juu, misuli inajaa, mapezi yanatengana, na siku moja kile kilichokuwa kinachukuliwa kinageuza kichwa kuelekea maji yanakotoka na kubaki hapo. Samaki wa matumbawe, wanapokaribia kurudi kwenye mwamba, huogelea kwa nguvu ambayo mtu hawezi kuitarajia akitazama umbo lao. Watafiti huwaweka kwenye mfereji mwembamba, huongeza kasi ya maji kidogo kidogo, na kungoja waone kila mmoja atashindwa wapi. Sehemu hiyo niliipenda kuliko zote. Nilijiuliza mara nyingi kwa nini, na kila jibu nililopata lilinifanya nijisikie vibaya zaidi.

Nilipanga chumba kwa Mama Kabange, mke wa fundi wa injini za treni, kwenye nyumba za matofali za wafanyakazi wa reli. Kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha lililotazama jiko la nje, kwa hiyo nilisikia kila lililosemwa jikoni, na Mama Kabange alijua kwamba nasikia. Jioni tulikula bukari, ndio ugali wetu, na mboga ya lengalenga. Treni ya mizigo ikifika, tulikula tomson, samaki wa baharini anayetufikia akiwa mgumu kama kuni kwa sababu ya barafu. Siku moja Mama Kabange alinikuta nimempindua tomson kwenye sahani, natazama jinsi mwili unavyokuwa mwembamba kabla tu ya mkia kupanuka.

"Weye unamukulaka ao unamusomaka?" aliuliza.

"Huyu alikuwa mwogeleaji hodari, Mama. Angalia hapa mwisho."

"Alikuwa. Sasa iko mu mafuta. Kula." Kisha akamwambia mume wake, kwa sauti iliyopimwa inifikie: "Mutoto ya bantu alisoma bahari miaka yote ile, na huku Kamina tuko na mvua tu."

Wanafunzi nao hawakuchelewa. Shule ya kanisa iliyoko pembeni mwa mji ilinichukua kufundisha biolojia kwa mwaka wa majaribio, na kabla mwezi haujaisha nilikuwa Madame Bahari. Nililipokea jina hilo kwa tabasamu, kisha nikakaa nikijiuliza kama tabasamu langu lilionyesha kwamba limeniuma. Nyuma ya madarasa kulikuwa na mabwawa ya kambale yaliyochimbwa na wazazi. Maji yalitoka kwenye chemchemi, yakapita kwenye mfereji, yakaingia kwanza katika bwawa dogo la kupokelea vichanga, halafu yakatoka kwa bomba kuelekea mabwawa makubwa na bondeni. Mayai yaliangulwa ndani ya mabeseni, kwenye chumba cha nyuma kilichokuwa stoo ya madawati. Kazi hiyo ilikuwapo kabla yangu na waliifanya vizuri. Kilichowashinda ni kilichofuata. Kila mara vichanga vilipowekwa bwawani, baada ya muda wavu ulitoka na vyura, majani, na kambale wachache wa kuhesabika kwa mkono mmoja.

Hadithi ya kwamba Papa Kasongo anaviuza niliikuta tayari. Yeye ndiye mlinzi, yeye ndiye mwenye ufunguo wa lango, na nyumba yake iko hatua chache kutoka majini. Niliisikia kwa mara ya kwanza kupitia dirisha langu, Mama Kabange akizungumza na jirani aliyekuja kuomba moto.

"Banasema anabatiaka mu bidon na kubapeleka Kabondo-Dianda na velo."

"Na ile goti yake? Atakanyaga velo mpaka Kabondo?"

"Eh, bwizi haiko na goti."

Wakacheka. Nilitaka kutoka nje niseme kwamba samaki wa umri ule ndani ya bidon, dumu la plastiki, juu ya baiskeli, kwenye barabara ile, wangefika wakiwa supu. Sikutoka, kwa kuwa nilifikiri wataona nimekuwa nikisikiliza, ingawa walijua.

Préfet, ndivyo tunavyomwita mkuu wa shule, aliitisha kikao cha walimu mvua zilipoanza. Alikuwa mtu safi, mwenye kola iliyopigwa pasi hata Jumamosi, na sikuwahi kumsikia akimdhulumu mtu kwa kukusudia. Alisema mayai ya mwisho yameanguliwa, na kwamba vichanga vitaingia bwawani Jumapili, kama kawaida. Kawaida yenyewe ilikuwa hivi: samaki hawakuingia bwawani bila maombi, na maombi yalifanyika Jumapili ya kwanza baada ya kuanguliwa, kwaya ikiimba ukingoni, ili waumini waone kilichozaliwa kutokana na mikono yao. Ni desturi nzuri na ninaipenda. Ila kati ya watu wote waliowahi kusimama pale na vitabu vya nyimbo, hakuna aliyekuwa ameuliza kama samaki wako tayari. Safari hii, préfet akaendelea, mchungaji msimamizi wa wilaya atakuja kwa treni kuongoza maombi. Kisha akamtazama Papa Kasongo, aliyekuwa ameitwa asimame karibu na mlango.

"Papa Kasongo, tunaheshimu miaka yako. Lakini samaki ikipotea tena, utaacha kazi na utaacha nyumba. Bon. Nimesema mbele ya wote ili isiwe siri."

"Nimesikia, Monsieur le Préfet," Papa Kasongo alisema. "Lakini minyi sikulaka hata moja. Kambale inanipa vidonda mu kinywa. Muulize bibi yangu."

Walimu wawili walicheka. Préfet hakucheka, na Papa Kasongo hakuwa amefanya mzaha.

Jioni hiyo nilikwenda stoo na kipande cha mfereji wa bati kilichodondoka kutoka paa la darasa. Nilikiegemeza juu ya matofali, nikaweka pipa la maji upande wa juu na bomba la mpira lenye koki, na upande wa chini nikafunga chandarua. Kilikuwa kifaa kilekile nilichokieleza kwa kurasa nyingi bila kukiona, na nilihofia kitafanya kazi, na nilihofia hakitafanya. Nilimimina vichanga vichache na kufungua koki ili maji yaende kwa mwendo wa mfereji wa bwawa. Havikupigana. Vilijikunjakunja kama nyusi zinazotembea, vikalala upande, vikaenda na maji hadi kwenye chandarua. Papa Kasongo alikuwa amesimama nyuma yangu na taa ya simu.

"Banakufa?"

"Hapana. Hawawezi kuogelea."

Aliinama juu ya mfereji wa bati. "Samaki?"

"Mkia haujakomaa, Papa. Wakiingia bwawani sasa, bomba linawachukua hadi kwa wakubwa wanaowala, na wanaobaki wanaishia bondeni. Kile kichujio cha waya kinawazuia samaki wakubwa tu, hawa wanapita. Na mkiweka chenye matundu madogo kinaziba kwa majani, maji yanafurika, wanatoka kwa juu."

Alizima taa, akaiwasha tena. "Basi miaka yote hii ni maji njo inaniiba," alisema. Nadhani alimaanisha kwamba maji yalimwibia samaki, lakini alivyosema ndivyo nilivyoandika.

Siku iliyofuata nilimweleza préfet. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu usiku kucha, na yakatoka yote kwa pamoja, matumbawe, uti, mnato wa maji. Alinisikiliza kwa adabu. "Mademoiselle, samaki ni samaki. Mungu aliiumba mu maji. Hatuwezi kumuambia mchungaji arudi kwa sababu samaki haijajua kuogelea. Watu watacheka kanisa." Nilifikiria kumjibu kwamba Mungu aliumba pia mtoto mwenye miguu na bado hatembei siku ya kwanza. Wazo hilo lilinijia nikiwa tayari nje, karibu na kengele.

Kilichowaokoa samaki wale hakikuwa mimi. Mvua ilikula tuta la reli mahali fulani, na treni ya mchungaji ikasimama njiani, kisha ikarudi ilikotoka. Jumapili ikapita, na iliyofuata ikapita. Préfet hakutaka maombi bila msimamizi, kwa kuwa barua za mwaliko zilikuwa zimetumwa. Vichanga vikabaki stoo. Mimi na Papa Kasongo tuliwalisha kiini cha yai la kuku lililochemshwa, kisha wadudu wadogo tuliowachota kwenye dimbwi la kijani nyuma ya vyoo. Mara kwa mara niliwaweka wachache kwenye mfereji wa bati. Mwanzoni walikwenda na maji. Baadaye walikwenda na maji kwa kuchelewa. Kisha wakaanza kugeuka, wengine, kwa muda mfupi, kama mtu aliyesikia jina lake sokoni. Sasa ninapokumbuka najua ile ndiyo ilikuwa furaha, lakini wakati ule niliihesabu kama wasiwasi, kwa sababu vyote viwili vilinizuia kulala. Treni ilipofika hatimaye, kambale wote walikuwa na masharubu na walikaa chini ya mfereji, vichwa vikitazama koki, hata nilipoifungua zaidi. Msimamizi akaomba, kwaya ikaimba, tukawamimina.

Shule ilivua kabla ya Pasaka. Wavu ulikuwa mzito kiasi kwamba wavulana wa darasa la mwisho waliingia majini na viatu. Akina mama wakapiga vigelegele. Préfet alisimama juu ya ukingo, matope yakiwa yamemfika kwenye suruali ya pasi, na alikuwa na furaha ya kweli. Akawaambia wazazi: "Mnaona? Tulisema ukweli mbele ya wote, na wizi umeisha. Woga wa Mungu na woga wa kupoteza kazi vinafanya kazi pamoja." Watu wakacheka na kugeuka kumtazama Papa Kasongo. Alikuwa ameshika upande mmoja wa wavu. Aliendelea kuushika. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba jambo linaweza kwenda hivyo. Nilifikiri samaki wakibaki, yeye atakuwa ameoshwa. Kumbe kubaki kwao ndiko kulikokuwa ushahidi: alipoachwa bila kutishwa, samaki walipotea, alipotishwa, wakabaki. Nilijaribu kutafuta kosa katika hoja hiyo kama ingekuwa ya mwanafunzi, na sikulipata. Ilikuwa hoja nzuri. Ila haikuwa kweli.

Jioni Mama Kabange alinipa kichwa cha kambale, sehemu ya heshima, na kusema, "Basi aliacha. Ni muzuri mutu akiacha." Nikamweleza kila kitu, nikichora kwa kidole kwenye unga uliobaki mezani. Alitafuna polepole. "Weye unasema, na minyi nakusadiki juu unaikalaka kwangu. Lakini bale hawaikalake kwangu. Uonyeshe."

Kwa hiyo nilikwenda nyumbani kwa Papa Kasongo. Mke wake alinipa kiti, akatuletea munkoyo, kinywaji cha mahindi, kwenye vikombe vya bati, akabaki amesimama mlangoni. Nilimwambia Papa Kasongo kwamba mayai mengine yako karibu kuanguliwa, kwamba Jumapili ya maombi tunaweza kuweka vichanga mapema, kama zamani, na kufunga kitambaa kwenye bomba, watu waone wanakokwenda. Nilimwambia pia kwamba wengi wanaweza kufa, na kwamba jaribio likishindwa hali yake itakuwa mbaya zaidi. Nilikuwa na hakika ya samaki. Sikuwa na hakika ya watu.

"Kama batoto ya samaki banatoka," alisema, "batasema Kasongo njo alitoboa kitu."

"Nimefikiria hilo."

"Unafikiriaka mingi, Madame Bahari." Alikunywa. "Minyi sitakuwa karibu ya maji. Nitaikala pembeni ya préfet, mikono yangu juu ya magoti, bantu yote baone. Ufunguo apewe yeye tangu Jumamosi. Na bibi yangu asikuwe pale."

"Nitakuwa pale," mke wake alisema kutoka mlangoni.

"Basi na yeye mikono juu ya magoti."

Préfet alikubali kitambaa kwa sababu hakuona ubaya wake. "Kama unataka kuvalisha bomba, livalishe," alisema. Mama Kabange alitoa kitambaa chake cheupe cha kwaya. Nilikifunga mwenyewe Jumapili asubuhi, mbele ya wazee wa kamati ya wazazi, mmoja wao akavuta fundo kulijaribu. Préfet alifungua lango la maji kwa ufunguo aliokuwa amelala nao. Papa Kasongo alikaa kwenye benchi, kando ya kiti cha préfet, viganja vikiwa juu ya magoti kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Kwaya ikaimba. Kwanza nikamimina samaki walioanguliwa mwezi uliopita, ambao nilikuwa nimewakuza kando kwenye mabeseni ya stoo, ili watu walinganishe; wakatawanyika na kushuka chini. Kisha nikamimina vichanga vya wiki ile, upande ule maji yanapoingia, mahali vilipomiminwa miaka yote. Viliteremka kama moshi. Katibu wa kamati akaanza kusoma taarifa ya mwaka.

Hakuwa amemaliza kusoma habari za paa la darasa. Mzee mmoja alisema "Yo!" na kuinuka. Kitambaa kilikuwa kimegeuka kijivu. Nilikifungua na kukileta kwa mikono miwili hadi mbele ya préfet. Kilikuwa kimejaa vichanga, vingine vikirukaruka, wala hapakuwa na hata mmoja wa wakubwa. Watu walisogea. Walitazama kitambaa, walitazama bwawa ambako wakubwa walikuwa wametulia vichwa vikielekea mfereji, halafu, mmoja baada ya mwingine, walitazama mikono ya Papa Kasongo, ambayo bado ilikuwa juu ya magoti. Préfet aliinama muda mrefu. Nilimwona akihesabu, si samaki, nadhani ni miaka. Uso wake ulikuwa wa mtu anayesoma sentensi aliyoiandika mwenyewe.

Hakuomba msamaha. Sijui kama ningejua la kufanya angeomba. Alinyooka, akatoa kofia, akasema, "Papa Kasongo atatufungia kwa maombi."

Asiyeishi kati yetu hawezi kupima uzito wa hilo. Mtu mwenye doa hafungi maombi. Tangu hadithi ya bidon ianze, Papa Kasongo alikuwa akikaa benchi la nyuma, na hakuna aliyemwita mbele hata kusoma tangazo. Mke wake aliangalia chini. Papa Kasongo akaondoa mikono kwenye magoti, akaja kwa mwendo wake wa kuchechemea hadi ukingoni, akasimama karibu yangu, akafunga viganja. Watu wakafumba macho.

Mimi sikufumba. Nilikuwa nimeshika kitambaa kilichojaa samaki wanaokauka, na beseni la maji lilikuwa nyuma ya Papa Kasongo, mbali na mkono wangu. Nilijiuliza kama ni dharau kutembea wakati wa maombi ya mtu aliyengoja kuitwa aombe kwa muda wote ule. Nilijiuliza ni pumzi ngapi kichanga kinaweza kuzivumilia hewani. Papa Kasongo aliomba polepole, nusu kwa Kiswahili, nusu kwa Kiluba. Aliombea mvua na mavuno, wagonjwa, ndugu walioko Malemba-Nkulu kwenye hofu ya wenye silaha, treni zilizoko njiani na wanaogeuza njia zake. Alimwombea préfet kwa jina lake lote, na mke wake, na kila mtoto wake, mkubwa hadi mdogo. Samaki hakuwataja. Na katikati ya watoto wa préfet, bila kubadilisha sauti, viganja vikiwa vimefungwa, aliinua mguu wake mbovu, akaupeleka nyuma ya beseni, akalisukuma taratibu juu ya matope hadi likagusa vidole vya mguu wangu. Niliinama nikakizamisha kitambaa. Vichanga vikaachana na nguo, vikalala upande, vikaanza kupiga mikia, na yeye akafika kwa mtoto wa mwisho, akasema amina.